Breki ya Upande Wangu

Jumapili, 4 Mei

Nimempa Yesu maisha yangu upya. Hii ni mara ya tatu, lakini safari hii nimemaanisha. Mchungaji amehubiri kwamba Mungu hapimiwi kwa kilo. Humpi robo ukabaki na paja nyumbani – unatoa ng'ombe mzima. Muuza nyama, mwanafunzi wangu wa udereva, ameitikia amina kuliko kanisa zima. Nikapiga magoti mbele za watu, nikasema Bwana, chukua kila kitu.

Nyumbani nimefikiri vizuri. Kila kitu ni vingi. Nitakabidhi sehemu moja kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Kesho ulimi.

Jumatatu, 5 Mei

Ulimi umekabidhiwa alfajiri. Kabla ya chai ya saa nne, muuza nyama amefumba macho katikati ya mzunguko wa barabara! Lori kulia, baiskeli kushoto. Nikakanyaga breki ya upande wangu. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na bila hiyo yangu ningekuwa marehemu siku nyingi. Si bure wananiita Mama Breki wakidhani sisikii.

Nikamuuliza kwa upole kabisa anafanya nini. Eti anaomba. Eti tangu jana barabara amemwachia Mungu.

Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, amsaidie kwa kuangalia mbele. Sikutukana. Nilitukana moyoni, lakini moyo bado sijaukabidhi.

Akaniuliza, mwalimu, na wewe si ulitoa kila kitu jana? Mbona mguu hautoki kwenye breki? Nikamwambia huo ndio mguu uliomponya.

Jumanne, 6 Mei

Leo tumbo. Nimekula kama kawaida, ila kwa shukrani.

Jioni somo la binti yangu. Mzee wangu, baba yake, alikaa kiti cha nyuma kutusindikiza. Binti amepata kazi ya ufundi wa pampu za maji, mbali – mbali hasa, unalala njiani – na ofisi yao haimpokei bila leseni, maana atazungukia visima kwa gari. Wanamngoja hadi mwisho wa mwezi. Akikosa, nafasi anapewa mwingine.

Mtihani nimeuahirisha mara mbili. Hajaiva. Leo gari limesimama ghafla kila njia panda. Akasema, Mama, hili gari linasimama lenyewe. Nikamwambia magari hayana akili hiyo, ajiangalie na klachi yake. Akatazama chini, upande wa miguu yangu. Ameshuka macho mekundu.

Hajaiva tu.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Sijakabidhi kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepeleka viatu kwa fundi. Akavigeuza, akaita na wenzake waje waone. Mama, cha kushoto kama kimetoka dukani jana, cha kulia soli yote imekwisha. Huu mguu wa kulia unapigana na nani?

Wakacheka wote. Mzee wangu, aliyefuata mkanda wake, hakucheka. Njiani akaniambia tu kwamba Jumanne kule nyuma alikuwa anaona vizuri. Kisha akanyamaza. Mume wangu akinyamaza namna ile, hata majirani wanasikia.

Nikamuuliza alikuwa anaona nini. Akasema anaona mvua imekatika.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji ameita ushuhuda wa waliojitoa wazima wazima. Muuza nyama akanipiga kiwiko. Nikasimama. Nimetaja ulimi, tumbo, usingizi, televisheni, hata wifi yangu – huyo nimemkabidhi kwa furaha. Amina zikamiminika. Mchungaji akauliza, na kilichobaki, mama? Nikasema hakuna.

Binti yangu alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele. Alikuwa ananitazama kiatu.

Tumerudi nyumbani. Nimejifungia chumbani, nimegombana na Mungu kwa sauti ya chini ili mzee asisikie. Yule mtoto nilimngoja mpaka shangazi zake wakachoka kuuliza. Nilimlilia Yeye huyohuyo, akanipa. Sasa anataka nimrudishe? Nimlee, nimsomeshe, halafu aende kufukua visima huko nisikokujua, akiugua nani atamkanda? Nikasema, Bwana, huyu siwezi. Chukua nyumba. Chukua gari.

Hapo nikanyamaza mwenyewe. Maana nikaona mguu wangu. Nilikuwa nimekaa kitandani, hakuna gari, hakuna barabara, na mguu wa kulia umekandamiza sakafu.

Kwa hiyo si klachi. Nilijua si klachi.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandikisha mtihani. Ijumaa.

Kisha nimekwenda kwa makanika, nikamwambia afungue breki ya upande wangu. Akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina imani. Akasema imani anaiheshimu, lakini yeye asingepanda. Akafungua, akaitenganisha kebo yake na breki ya dereva. Pedali ipo palepale, ila sasa ukiikanyaga ni kama umekanyaga mto wa kulalia. Ameniapisha: Ijumaa asubuhi nirudi aiunge, kwa sababu kwenye mtihani trafiki ndiye anayekaa kiti changu, naye lazima awe na breki. Nimeapa.

Muuza nyama nimemwambia hakuna somo, nina mafua. Ulimi nitaukabidhi tena kesho.

Alhamisi, 15 Mei

Somo la mwisho. Njia panda ya kwanza nimekanyaga. Hakuna kitu. Gari likapunguza, likapunguza, likasimama nyuma ya mstari, taratibu. Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akaondoka.

Nimekanyaga kila mahali. Kwenye matuta, kwenye kona, kwenye duka la simenti ambako wanatokeza mkokoteni bila kuangalia. Nimekanyaga mpaka paja linauma, na gari halikunisikiliza hata mara moja. Lilimsikiliza yeye.

Mwisho akazima injini, akasema, leo mguu wako umepumzika, Mama. Nikamuuliza, ulijua? Akasema alijua tangu wiki ya pili, alikuwa ananisubiri nichoke.

Nimelia. Yeye ameniazima leso. Mzee kule nyuma alikuwa anaangalia dirishani kama mtalii.

Nimesema, sawa Bwana. Huyu pia. Nimesema haraka, lakini nimesema.

Ijumaa, 16 Mei

Ninaandika kwenye benchi la uwanja wa mtihani.

Asubuhi mzee ameomba sala ndefu kuliko ndoa yetu. Binti akatafuta kitambulisho, mimi nikapiga pasi blauzi yake mara mbili, tukatoka mbio. Tumefika. Trafiki, bonge la mtu, ameingia kiti changu, kiti kikalalamika. Akafunga mkanda. Binti akanitazama kidogo kupitia kioo cha pembeni. Wakaondoka.

Wamefika usawa wa lango ndipo nikakumbuka makanika.

Breki sijaunga!

Nimesimama. Nikainua mkono. Nikiita, mtihani unafutwa, na tarehe nyingine ni mwezi ujao. Muuza nyama, ambaye naye anafanya mtihani leo na zamu yake inafuata, akaniuliza kuna nini. Mkono nikaushusha. Sijui kama ni imani au ni woga. Nimekaa.

Wamefika njia panda. Basi linakuja. Mguu wangu umeshachimba shimo chini ya benchi hili.

Taa nyekundu za nyuma zimewaka. Gari limesimama nyuma ya mstari, taratibu. Huo ni mguu wake. Hakuna mguu mwingine ndani ya lile gari wenye breki.

Basi limepita. Wamekata kona. Siwaoni tena.

Muuza nyama anasema tuombe. Nimemwambia tuombe, ila yeye afumbue macho aangalie ile kona. Mimi nitafumba.