Mstari wa Saba

Mama yangu,

 Tangu jana jioni nimekaa hapa Kabiria na simu mapajani, na kwa kuwa habari hii inakuhusu, nakuandikia wewe kwanza.

Unakumbuka kibanda chako cha kusukia pale Kenyatta Market? Jirani yako akiona mteja anataka kuondoka, alimsuka mistari miwili upesi upesi, kisha akamwacha. Nani atatembea mjini na mistari miwili? Wewe tabia hiyo ilikuudhi. Mteja wako ulimwambia ukweli: "Hapa ni mpaka saa kumi. Kama uko na haraka, enda urudi kesho." Na ukimaliza, ulimgusa bega: "Haya, umetoka," yaani kazi imeisha na amependeza.

Basi mwanao akafanya ya jirani. Gemu ya kucheza kwenye simu niliyokuwa nikiitengeneza haikuwa imefika hata nusu, nikawaonyesha watu kipande mtandaoni: soko, viti, na wewe ukisuka. Nikaahidi kwamba mwezi ujao utaongea kwa sauti yako mwenyewe. Tulipanga kurekodi Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi, siku moja kabla, ukaanguka ukiwa umeshika kichwa cha mteja, na hukuamka tena.

Sikuwaambia. Walipouliza nilijibu "mwezi ujao," mwaka mzima. Wengine walinitukana, wengine wakachoka. Mmoja hakuchoka. Kila wiki, "Huyo mama ataongea lini?" Nilimchukia, Mama, nisikufiche.

Jana nikajikaza nikaandika: mwenye sauti alifariki, sikuwahi kumrekodi, na gemu yenyewe sijui itaisha lini. Yule yule akawa wa kwanza kujibu.

"Pole sana. Mimi ndio alikuwa ananisuka hiyo Saturday. Alikuwa amefika line ya saba. Nilijua ametuacha, lakini uliposema ataongea, nikadhani mlimrekodi. Nilikuwa nataka tu kuskia akiniambia nimetoka."

 Mwaka mzima nilidhani ananidai gemu.

Nimemwomba aje Jumamosi nimsuke. Unajua ulivyokuwa ukiicheka mikono yangu mizito, kwa hivyo nimemwambia ukweli mapema: itachukua siku nzima, na mistari itaenda upande. Amesema atakuja.

Pumzika, Mama. Nikimaliza, nitamgusa bega.

Bintiyo wa mikono mizito