Muchanga Katikati ya Mama na Mukwe

Mudogo wangu Rehema,

Salamu toka Kasongo. Nakuandikia muchanga wa muto Lualaba ukiwa bado ndani ya meno yangu.

Jumapili bwana yangu aliazima mutumbwi wa moteri, atutembeze mimi na Mama. Kiangazi hiki maji iko mafupi. Mwenye mutumbwi alituonya: mutu moja akae mbele na fimbo ndefu ya kupima maji, akigusa muchanga apige kelele, na wa nyuma ainue moteri palepale.

Mbele akakaa Mama. Nyuma akakaa mukwe wake. Unajua toka tuoane hawasemeshani, sababu ya heshima. Mimi katikati, posta.

"Muambie bwana yako, muchanga huu hapa."

"Papa Eliya, Mama anasema muchanga huu hapa."

"Mushukuru Mama. Muulize iko upande gani."

"Mama, anauliza upande gani."

"Muambie tumeshaukalia."

Tukashuka kusukuma, maji magotini. Kwa heshima, bwana hakuthubutu kusimama karibu na Mama, akaenda upande wa nyuma. Mama, toka mbele, anasukuma kwenda kwa bwana, bwana anasukuma kwenda kwa Mama, na wote wawili wananiuliza mimi kwa nini mutumbwi hausogei!

Nilipomuambia Mama aache, mutumbwi ukatoka. Kurudi, fimbo nilishika mwenyewe. Tulipofika, Mama akasema, "Muambie mukwe wangu, safari ilikuwa tamu."

Bwana akajibu mwenyewe, akiangalia maji: "Asante, Mama."

Mama, muguu moja bado ndani ya mutumbwi, alishituka, akatumbukia mutoni na kitenge chake kipya.

Mungu akulinde, mupenzi, na akupe bwana wa inchi kavu.

Dada yako,
Mama Eliya