Mwaka Wangu na Meno ya Watu

Jumatatu, 15 Januari

Nimefika! Miguu imevimba mpaka viatu vimegoma kuvulika. Shangazi kanipokea uwanja wa ndege, kanikagua juu mpaka chini, kasema nimekonda — halafu kanibebesha mizigo yote peke yangu. Baba ameshapiga simu mara tatu. Mwaka mmoja tu, anasema. Ufungue macho, ushike kazi ofisini kwa yule mwanasheria wa mtaani kwa shangazi, kisha urudi usome sheria. Ndiyo, baba. Chuo kimenishikia nafasi mpaka mwakani. Yeye hajasubiri chuo. Tangu matokeo yatoke ananiita Wakili, hata mbele ya fundi bomba.

Jumatano, 17 Januari

Ofisi imefungwa! Mwanasheria kahamia mji mwingine tangu mwezi uliopita. Mlangoni kuna kibandiko tu. Shangazi kasimama pale kama mtu aliyeachwa na basi. Tukatazamana. Kisha, kwa sauti ya chini: baba yako tusimwambie leo, ana presha.

Baba hana presha. Hajawahi kuwa nayo.

Ghorofa ya chini ya jengo hilohilo kuna karakana ya meno bandia. Mwenyewe ni mama mtu mzima, mikono mikubwa, kila mtu anamwita Fundi. Alikuwa anatafuta mtu wa kuchanganya plasta ya kutengenezea mifano ya taya. Shangazi akasema, huyu hapa. Mimi sikuulizwa.

Jumamosi, 10 Februari

Wiki ya nne. Nguo zangu zote nyeusi zimekuwa za kijivu. Natofautisha gego la juu na la chini hata nikifumba macho. Lugha ya hapa bado inanipiga chenga — jana nilitaka kumwambia mteja apumzike, kumbe nimemwambia afe. Alicheka mpaka meno yakamtoka. Yalikuwa ya kwetu, kwa hiyo Fundi hakucheka.

Baba kapiga. Huko ofisini mnafanya nini hasa? Nikamjibu tunasikiliza malalamiko ya wazee na kuyatafutia suluhu. "Safi sana! Ndiyo sheria hiyo!" Jikoni nikasikia sufuria ya shangazi imeanguka.

Si uongo. Ila si ukweli pia.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee Mluzi karudi tena, mara ya tano! Ni dereva wa treni mstaafu. Jina hilo kapewa kwa sababu zamani alikuwa akipiga mluzi kona ile ya duka la viatu, mtaa mzima unajua anarudi nyumbani. Sasa hana jino hata moja la kwake. Fundi kamtengenezea seti nzuri ajabu, nyeupe, imenyooka kama wanafunzi mstarini. Kasaga, kapunguza, kaongeza. Hayaumi. Hayachezi. Anatafunia vizuri. Lakini wapi! Haya si yangu, anasema.

"Kweli si yako," Fundi kamjibu. "Yako uliyang'oa!"

Mzee kayafunga kwenye karatasi, kayaacha mezani, kaondoka. Mkewe kabaki nyuma kidogo. Kaniambia taratibu kwamba tangu ayavae hacheki tena nyumbani. Akitaka kucheka anaficha mdomo kwa kiganja, kama mgeni aliyekaribishwa jana.

Nimekuja na maneno hayo kichwani mpaka nyumbani. Shangazi ananiuliza mbona sili.

Jumanne, 23 Aprili

Nilimwomba mke wa Mzee picha yoyote ya zamani. Leo kaleta ya harusi. Heh! Mzee kijana, kofia upande, kacheka mpaka macho yamefumba — na katikati ya meno ya mbele, mwanya! Mwanya hasa, wa kupitisha njiti ya kiberiti. Na jino la pembeni limempanda mwenzake begani.

Nikampelekea Fundi. Akasema, miaka thelathini watu wananiomba niwanyooshee, leo wewe unataka nipindishe? Nikasema Mzee hajaomba meno mazuri. Ameomba ya kwake.

Kanitazama juu ya miwani, muda mrefu. Kisha kainuka kwenye kiti chake, kile ambacho hata fundi umeme haruhusiwi kukalia.

"Kaa. Pindisha mwenyewe."

Ijumaa, 17 Mei

Mwanya wa kwanza ulikuwa mpana kama mlango. Wa pili, ukiwa bado kwenye nta ya kupangia meno, niliuacha karibu na dirisha, jua likaiyeyusha. Wa tatu Fundi kautazama, kauacha ulivyo. Kwa Fundi hizo ni pongezi.

Leo Mzee kavaa. Kajitazama kwenye kioo. Nikahesabu vigae vya sakafu, nikafika kumi na tisa. Akajaribu mluzi — hewa tupu. Akalamba midomo, akajaribu tena — ukatoka! Mkali, mrefu!

Mkewe alikuwa nje kwenye benchi. Kaingia mbio, mkoba wazi, kamtazama mdomoni, kisha kampiga nao begani. "Ulikuwa wapi wewe!" Wakashikana palepale, wanacheka, wanalia, sijui kipi zaidi. Nikajifanya nimedondosha kitu chini ya meza. Fundi naye nikamkuta huko huko chini, anatafuta chake.

Jumatatu, 10 Juni

Barua kutoka chuo. Nithibitishe nafasi kabla mwezi haujaisha, la sivyo wanampa mwingine.

Na leo hii hii Fundi, kanipa mgongo, anasuuza bakuli, anasema kuna nafasi ya kusomea kazi hii rasmi hapa hapa karakanani. Miaka mitatu, cheti kinakubalika popote. Kasema hanibembelezi. Kanikumbusha mara nne kwamba hanibembelezi.

Nimefungua fomu ya chuo, nimeifunga. Nimeifungua tena. Sheria naipenda? Sijui. Napenda anavyolitamka baba hilo neno.

Jumatano, 12 Juni

Sijafanya lolote. Shangazi anasema kaka yake atanimeza mzima mzima. Nikamwambia na wewe utafuata. Akavuta kiti, akakaa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimesema!

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya hoja tatu. Sura ya baba ilipotokea kwenye simu zikayeyuka zote. Nikainua taya la plasta mbele ya kamera nikasema, baba, hii ndiyo kazi ninayofanya, na ndiyo ninayoitaka. Akakodoa macho. Shangazi akaninyang'anya simu, akajifungia nayo chumbani. Mimi niko sebuleni na daftari langu. Nasikia upande mmoja tu:

Hapana kaka, si ya wanyama. Ya watu. — Hapana, walio hai! — Mimi ndiye niliyesema tusikuambie, nigombeze mimi. — Januari. — Ndiyo, Januari hii.

Sasa anamsimulia habari za Mzee Mluzi, na chumvi anaongeza kwa mikono miwili — eti mtaa mzima ulitoka nje kushangilia. Shangazi!

Katoka. Kanikabidhi simu, kakimbilia jikoni.

Baba hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. "Miezi mitano unanidanganya." Ndiyo, baba. Nisamehe, baba. Akashusha pumzi.

"Na hilo vumbi. Puani unavaa kitu?"

Navaa.

"Kitu gani? Nionyeshe."

Nikaenda kuchukua barakoa. Akaniambia niigeuze. Niisogeze. Akasema nyuzi zimelegea, kwa nini hamnunui nyingine. Kisha: habari ya chuo hatujaimaliza, usidhani tumeimaliza, usikate simu. Akaiweka mezani, akaenda kumwita mama.

Naona dari ya nyumbani na panga moja la feni. Naandika huku nasubiri. Hatua zinarudi, za watu wawili. Mama anauliza kwa sauti ya chini, analia?

"Nani?" anasema baba. "Yeye au mimi?"