Bwana Harusi na Mama Mkwe Ndoo Moja

Mshauri mpendwa, nakuangukia, nisaidie maana mke wangu hanisemeshi tangu juzi, mimi natengeneza sabuni na dawa za kusafishia vyoo hapa uani kwangu, na kwa kuogopa wafanyakazi wasiniibie fomula nilibandua karatasi zote za kiwandani kwenye mapipa nikayapa majina yangu mwenyewe, dawa ya kung'arisha nguo nikaiita Bwana Harusi, na asidi, kwa vile inatafuna hata sakafu, nikaiita Mama Mkwe, sasa juzi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akisugua choo chenye madoa sugu akavimimina vyote ndoo moja akidhani watu wa familia moja hawadhuriani, ukatoka moshi wa rangi ya kijani, akaanguka, yuko hospitali anakohoa na daktari anauliza alivuta nini, nami nikajibu "sabuni tu", je, nimtulizeje mke bila kutoa siri?

Fundi Povu

Fundi Povu, pole kwa shemeji. Wewe sikupi pole. Nimewaruka wenzako wote kwenye foleni nikujibu leo leo, kwa ajili yake.

Nimetembea bandari saba, nimekula na mabaharia na mawaziri, shule niliiacha mapema ikapata hasara yenyewe, lakini mtu wa kufuta jina la sumu ili aitwe mtaalamu sijapata kumwona. "Fomula yangu"! Ipi, bwana, ile iliyokuwa imebandikwa kwenye pipa?

Unadhani wanakemia walipotoa majina walikuwa wanataniana? Klorini imetokana na neno la Kigiriki la kijani kilichopauka, rangi ileile iliyomwangusha shemeji yako. Bromini maana yake uvundo. Aliyeibatiza alinusa kwanza. Kemikali zikiungana, jina linataja zilizomo. Dawa yako ni sodiamu haipokloraiti, asidi yako ni haidrokloriki. Tamka polepole. Klorini imo kwenye majina yote mawili, na ukivichanganya hutoka kama moshi; inakupigia kelele, wewe ukaibandua ukaweka mzaha wa ukumbini.

Eti umtulizeje mke! Mke ametulia, anasubiri mume mwenye akili. Nenda hospitali sasa hivi umwambie daktari: "Alivuta klorini, na mimi ndiye niliyeficha." Ukirudi, andika majina halisi kwa rangi isiyofutika, pipa moja huku, jingine kule, wafanyakazi wayasome kwa sauti. Wakiiba fomula, waibe wakiwa hai.

Lakini kabla hujarudi, pitia wodini. Usijieleze. Mwombe shemeji radhi, mshikie kikombe anywe, kisha nyamaza usikilize anavyohema.