Msiro wa Wahida

Shoga, aibu aliyotiwa Wahida leo, we acha tu!!

Yule Nélio wa kamera, anayejidai kuitengenezea Palma yetu filamu, watu wake na siasa zake, leo kaionyesha uwanjani. Mara kwenye filamu katokea Wahida, uso mweupe kwa msiro, ule urembo wetu wa mti wa kusaga, aliojipaka ang'ae harusini kwa mjukuu wake.

Sauti ya Nélio ikasema: "Mjane huyu amejipaka majivu, analilia mume aliyeuawa vitani."

Majivu! Msiro, shoga, eti majivu! Na wakwe wapya wamekaa pale wanatazamana.

Wahida kajifunika kanga uso mzima. Mumewe Zuberi akainuka mbele ya watu: "Marehemu ndiye mimi! Ulimuuliza nani, bwege wewe?"

Na bwege akajibu nini? "Mzee, inuka tena useme hivyo hivyo, sikuwa nimewasha kamera."