Gari Jeupe Kando ya Matanga

Jumatatu, 4 Agosti
Kawangware. Tumelala tena kwenye kituo cha mafuta. Alfajiri mlinzi akagonga kioo. "Buda, hapa si lojing'i." Wafula, dereva wetu, akawasha injini. Gari lina kitanda, sinki na jiko la gesi. Liliundwa kwa watalii. Sisi tunapimia watu macho humo. Jioni daktari huenda kwake. Mimi, karani, na Wafula hubaki nalo, na kutafuta pa kulilaza ni kazi yangu. Meneja amesema likikwaruzwa, nisirudi ofisini. Naogopa hata paka akiruka juu ya paa.

Jumanne, 5 Agosti
Uwanja wa kanisa. Kuna ukuta na lango. Lakini kesho wana harusi, tutoke mapema. Sijala.

Jumatano, 6 Agosti
Kibera, upande wa Silanga. Nyaya za umeme zinaning'inia chini. Wafula aliendesha polepole, mimi nje nikimwonyesha pa kupita. Jioni tukaona uwanja mdogo, hema, viti vya plastiki. Nikashuka kuomba ruhusa. Kabla sijamaliza, mama mmoja aliyejifunga leso akanishika mikono yote miwili. "Mungu awabariki, mwanangu. Tulijua mtakuja." Wakatufagilia mahali. Wakaweka mawe kwenye magurudumu. Wakaleta chai. Sikuuliza kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti
Nililala vizuri. Sasa najua sababu ya ukarimu. Hema ni la matanga. Mama yule ni Mama Akinyi, mjane. Mumewe, fundi viatu, anapelekwa nyumbani Siaya kesho. Walikuwa wameomba gari kila mahali. Wakaona letu: jeupe, refu, kitanda nyuma. Wakadhani kanisa lao limelituma. Tangu jana hawajatafuta lingine.
Nimemwambia Wafula. Alicheka, kisha akaacha. Kwao Bungoma pia mtu hazikwi mjini. "Karani ni wewe," akasema. "Mdomo nao ni wako."
Naogopa vijana wa hapa matangani. Naogopa kufukuzwa giza likiingia. Nimenyamaza siku nzima. Nimekunywa chai yao tena. Ni aibu.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi kijana alikuja na vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye vioo vyetu, alama ya gari linalobeba maiti. Nikamwendea Mama Akinyi. Nikasema yote, macho yangu chini. Hili si gari lenu. Nimejua tangu jana.
Kelele. "Kumbe mmekuwa mkitubeba ufala!" Mtu akaburuta kitu chenye ncha kwenye mlango wa gari, nikasikia bati likilia. Mama Akinyi akainua mkono, wakanyamaza. Hakunisamehe. "Kijana wa watu," akasema, "ungesema jana, leo tungekuwa njiani." Akawatuma kutafuta gari.
Limepatikana jioni: lori la muuza makaa. Jeusi ndani na nje. Maji yote ya tangi letu yameishia kuliosha. Wafula alisugua, nami nikasugua.
Mama mzazi wa marehemu, bibi mzee kabisa, ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu juzi. Nikamfungulia mlango. Amelala kwenye kitanda changu. Mimi niko kiti cha mbele.

Jumamosi, 9 Agosti
Wameondoka. Lori lilikuwa safi, vitambaa vyekundu pande zote. Kabla ya kupanda, Mama Akinyi aliwaambia vijana wanaobaki, "Hao wawili wasiguswe." Hakunitazama.
Mkwaruzo unaanzia kwenye kishikio cha mlango hadi gurudumu la nyuma. Nimempigia meneja kabla hajasikia kwa mwingine. Amesema atanijibu Jumatatu.
Bibi ameacha shuka limekunjwa vizuri kuliko ninavyolikunja mimi. Uwanjani kuna mashimo ya vigingi vya hema. Nimeyafukia. Nimeazima ufagio kwa jirani, nimefagia pote.
Wafula anachemsha chai.