Mutego Niliotega Ndani ya Telefone

Baraka, siku ya soko

Kwa mudogo wangu Constance, kule Kigoma,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana mwenye kutuacha hai wakati bengine amesha kubaita. Macho yako yako namna gani? Ile homa ya batoto imetoka ndani ya nyumba? Sisi huku tunapumua. Muhogo umekubali, ndagala imekuwa haba ndani ya ziwa, lakini hatujalala njaa. Mimi mwenyewe niko muzima, isipokuwa magoti na hasira, na hiyo ya pili haina dawa.

Utajiuliza juu ya nini ninakuandikia ku karatasi, ya kupelekwa na Néhémie mwenye mashua, wakati niko na telefone. Soma mpaka mwisho. Na usome wewe mwenyewe.

Nadège unamujua, mujukuu wangu, mutoto wa marehemu Patrice, mwenye kuniita Koko. Tulimulipia masomo ya informatique, mambo ya kompyuta, kule Uvira, nikafikiri atarudi na kazi ya bureau, kiti na meza. Alirudi na kompyuta yenye kifuniko kimepasuka, akakaa ku baraza langu, akasema anatengeneza navigateur. Nikamuuliza hiyo ni mududu gani. Akasema ni mulango wa kuingilia internet ndani ya telefone, na kwamba ile milango mingine imetengenezwa kwa telefone za batajiri. Wa kwake unafunguka hata ku telefone nzee, hata rezo, ule mutandao, ikiwa inakufa-kufa, na unakula mega kidogo, zile tunanunua na pesa. Hapo sikugomba. Bamama benye kuuza ndagala, benye mimi ni prezida wao, banalia kila siku kwamba mega inaisha mbele bajue bei ya samaki kule Uvira.

Kilichonitia mashaka ni kusikia kwamba anatoa bure. Tena si kutoa tu. Anaweka ku internet hata maandishi yote ya ndani, namna kile kitu kimeshonwa, uzi kwa uzi, ili muntu yeyote wa dunia asome, achukue, abadilishe anavyotaka. Nikamuuliza ameona mama gani anapika sombe halafu anaacha chungu wazi katikati ya barabara. Akacheka, akasema Koko, bengine banapita, banaonja, banaongeza chumvi. Nikamuambia bengine banapita, banaongeza sumu. Hakucheka tena.

Na hao bapita-njia ni bantu gani? Mumoja yuko Lubumbashi, sawa. Mwingine yuko inchi ambayo hata Nadège haijui, anajiita Panya Mweusi. Constance, muntu mwenye roho safi anajiita panya? Anajichokesha juu ya kazi ya mutoto wa Baraka ambaye hajamuona hata siku moja, na hataki hata mukeke mumoja wa kukaanga? Mimi nimeuza samaki tangu nikiwa binti. Mwenye kukataa kitu leo, kesho anataka nyumba nzima.

Halafu Nadège akaomba nimujaribie. Nikamuambia umechagua vizuri, kazi kubwa inapewa mukubwa. Akasema hapana, Koko, nimekuchagua sababu unabonyeza vibaya, na mwenye kubonyeza vibaya ndiye anafichua makosa. Nilimuangalia mpaka akashusha macho. Lakini nilibonyeza. Nilikiangusha kile kitu kama muzee mulevi, kinazimika chenyewe katikati ya kazi. Na kila kikianguka, kinaniuliza kama kinaweza kumutumia Nadège habari ya namna kilivyoanguka. Hapo nikasema kumbe, kina mudomo. Nadège akaapa kwamba kinapeleka habari ya kuanguka tu, tena nikikubali, na kwamba maneno ninayotafuta hayamufikii yeye wala muntu yeyote wa huku kwetu. Kuapa ni rahisi. Huku kwetu neno likiponyoka halirudi peke yake, linarudi na bantu benye bunduki. Wewe ulikimbia, unajua.

Basi nikatega, kama mama yetu alivyokuwa anachora alama juu ya unga ili ajue nani ameugusa. Nilikaa nyuma ya nyumba peke yangu, karibu na uzio wa matete, nikaandika ndani ya navigateur uongo mumoja: ninauza shamba langu la Nundu, lile la karibu na muto. Sikumuambia muntu. Hata Mungu nilimuambia kiisha.

Haikupita wiki, Gahungu akapiga hodi. Huyu ni jirani, Murundi, mukimbizi, mulimaji wa kweli. Yeye na muke wake Inamahoro bamepanga nyumba ya nyuma. Akakaa, akazunguka na maneno ya mvua, mwisho akauliza kwa heshima kama lile shamba la Nundu limeshapata muntu, na kama naweza kumuachia alime kidogo mbele ya kuuza. Nikamuuliza hiyo habari ameitoa wapi. Akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema Mama, habari zinatembea. Na yeye pia, Constance, alikuwa na navigateur ya Nadège ndani ya telefone yake.

Sikungoja chai ipoe. Nilishuka mpaka ku port, kule mashua zinatua, siku hiyohiyo Nadège alikuwa anabawekea bamama kile kitu, nikasema mbele ya bote: toeni. Nikasema mutoto wa nyumba yangu anauza maneno yenu kwa mapanya. Nikasema na mengine, sitayaandika. Vanessa, yule mwenye mudomo murefu, akaongeza ya kwake. Bakatoa bote.

Nilingoja mutoto ajitetee. Hakujitetea. Alisema Koko hawezi kudanganya juu ya jambo kama hilo, kwa hiyo kosa liko, ni yeye halioni. Akaandika mahali dunia yote inasoma kwamba navigateur yake inavujisha maneno, isitumiwe. Yule wa Lubumbashi na Panya bakafungua maandishi, bakapekua mustari kwa mustari. Panya akajibu kwamba hajaona hata tundu la kupitisha sindano. Nadège akasema basi, kitu asichokielewa hawezi kumupa muntu. Akafunga kompyuta, akaomba mujomba wake Dany kazi ya kuuza sabuni na chumvi ku duka lake la Kilembwe. Barabara ikikauka, anapanda kule.

Sasa weka miwani vizuri.

Kiisha hapo nilikaa tena palepale nyuma ya nyumba. Magoti yalikuwa yananichoma. Nikachukua telefone, navigateur ileile, maana mimi mwenye kubaamuru bengine batoe, ya kwangu sikuitoa. Nikaandika pole pole: dawa ya magoti. Mbele nimalize, sauti ya Inamahoro ikatoka nyuma ya matete, ikasema Mama, ya magoti ni kutwanga tangawizi na kufunga na kitambaa cha moto.

Nikashika midomo na vidole vya mukono mumoja, nikaandika jina la mboga. Kimya. Nikaachilia midomo, nikaandika mboga ileile, lengalenga. Inamahoro akajibu kwamba analo kidogo, nitume mutoto.

Ndiyo vile. Sisi tulisoma mpaka mwaka wa tatu, kwa mwalimu mwenye kutaka darasa lote liimbe silabi, na mpaka leo kidole changu hakiandiki kama mudomo haujatangulia. Shamba la Nundu nililitangaza kwa sauti ya kuitia mbuzi. Gahungu aliona haya kuniambia kwamba alinisikia ku uzio. Mwenye kuvuja ni mimi.

Nilinyamaza, sikufichi. Kiburi changu unakijua. Lakini nilimuona Nadège anakunja nguo, nikamuita, nikamuambia yote. Hakucheka. Aliuliza tu kama naweza kusema vile mbele ya bamama. Mimi, prezida. Nikashuka, nikasimama palepale, nikasema. Unajua Vanessa alijibu nini? Alisema Koko ni muzazi, anafunika mutoto wake. Na bengine bakaitika. Nilibapa uongo, bakaumeza bila maji. Nimebaletea kweli, banainusa kama samaki wa jana. Na bila telefone zao nzee, Nadège anasema hana mahali pa kujaribia kazi. Nguo bado zimekunjwa.

Kwa hiyo ninakuomba. Bamama ba huku banakujua: wewe hata mimi haujawahi kuniamini mara moja. Ndiyo sababu karatasi hii inakuja na Néhémie: yeye atakuwekea ile navigateur. Tega mutego wako mwenyewe, uongo wako mwenyewe, usiniambie ni gani. Ungoje uone kama utakurudilia. Kisha jibu utume kwa Vanessa, si kwangu. La kwangu halinunuliwi tena. Fanya mbio, mvua inakatika na barabara itakauka. Na ukiwa unaandika, shika midomo.

Panya bado simuamini. Amemuandikia Nadège kwamba ananishukuru. Ananishukuru juu ya nini?

Salimia batoto bote na bakwe. Nadège anakusalimu, na Dany. Inamahoro naye, kutoka nyuma ya matete, anakusalimu sana. Sikumuambia kama ninakuandikia.

Mimi mukubwa wako,
Marthe